Rimu za Mkokoteni wa Mama Johnson

Mume wangu Patrobas ndiye aliyegundua wizi, naye alikuwa haoni. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake, akapapasa ukuta wa nyumba yetu ya Kaloleni mpaka mwisho, akavuka nyasi, akaigusa Datsun yake kichwani kama mchungaji anayebariki mtoto. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe, lakini mkono ulijua paa la gari liko kimo gani. Asubuhi hiyo nilikuwa napepea jiko nikamsikia anaita.

"Asenath, hebu njoo. Hili gari limechuchumaa."

Nikatoka na upepeo mkononi. Datsun, ile stesheni wagon yetu ya tangu enzi akifanya kazi reli, ilikuwa imekalia mawe, jiwe kila pembe, yamepangwa vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuona ikifanywa na mafundi wa baraza la mji. Magurudumu manne yalikuwa yamekwenda. La spea limekwenda. Hata nati hawakutuachia moja ya ukumbusho.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Wameivua viatu."

Akakaa chini palepale, mgongo kwenye mlango wa gari. Patrobas ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo aliponyamaza nilijua anafikiria ninachofikiria mimi. Jumatatu ndiyo siku aliyopewa ya macho. Kulikuwa na daktari mgeni aliyekuja mara moja kwa mwaka katika hospitali moja ya misheni huko mbele ya Thika, na majina yalikuwa yameandikwa tangu mvua za masika. Ukikosa siku yako, unangoja mpaka arudi, kama atarudi, na kama wewe mwenyewe bado upo. Mzee alikuwa ameshaanza kusahau sura yangu. Kwa upande mwingine hilo lilinifaa, maana kwake mimi bado nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini, lakini hata mimi nilitaka anione kabla hatujafukiwa.

Utasema, si mngepanda matatu kama watu. Nyonga ya Patrobas ilivunjika kazini na ikaunga vibaya. Mguu haukunjiki. Kiti kimoja tu mjini Nairobi kilimkubali kwa safari ndefu, nacho ni kile cha mbele cha Datsun, ambacho mkwe wetu Kweyu alikuwa amekirudisha nyuma na kukiinua kwa vipande vya mbao.

Huyo Kweyu ni mume wa binti yetu Triza, wanakaa Njiru. Ni fundi wa magari, gereji yao iko Makadara. Juma hilo alikuwa ametumwa Malaba kufuata lori lililoharibika, na hangerudi kabla ya Jumamosi. Na hata angekuwepo, isingekuwa rahisi kwangu kumwendea. Kwetu Butere mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hatupeani mkono, hatuketi chumba kimoja, na tukikutana njiani mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa barabara. Ni heshima. Inachosha miguu, lakini ni heshima.

Nikasema basi nitanunua magurudumu mwenyewe.

"Wewe unajua nini juu ya magurudumu?" Patrobas akauliza.

"Mimi ni mshonaji. Nimewavika akina mama wa kanisa zima, na hakuna hata mmoja anayelingana na mwenzake."

"Gurudumu si blauzi, Asenath."

"Vyote huvalishwa."

Nikachukua gazeti la zamani, nikalibandika kwenye ile sahani ya chuma ambayo gurudumu hufungwa juu yake, pale bolti nne zinapotokeza. Nikasugua na kipande cha mkaa. Bolti zikatoboa karatasi, na lile duara la katikati likajichora lenyewe. Nikakata taratibu kwa mkasi wangu wa kitambaa, jambo ambalo siku nyingine ningemlilia mtu akilifanya. Kikatoka kipimo safi, kama kola ya shati la padri. Nikakijaribu kwenye sahani zote nne, nyuma na mbele, kikakaa sawa kote. Nikajiona nimemaliza.

Pesa nilikuwa nazo kidogo za sare za kwaya. Alhamisi nikashuka Grogan, kule kwenye vibanda vya vipuri, nikiwa na karatasi yangu ndani ya Biblia ili isikunjike. Mwenye kibanda alikuwa mtu mzima mwenye mafuta mpaka nyusi. Miaka hiyo yalikuwa yameanza kuletwa magari yaliyotumika kutoka Japani, na yaliyogongwa yalikatwakatwa yakauzwa vipande. Akanionyesha magurudumu manne, tairi zikiwa juu ya rimu za chuma zinazong'aa mpaka nikajiona ndani nikiwa mnene. Nikaweka karatasi juu ya rimu. Kila shimo likaona shimo lake. Hata duara la katikati lilikuwa sawa.

"Mama, gari lako ni lipi?" akauliza.

"Datsun."

"Ya mwaka gani?"

"Ni ya zamani, lakini ina adabu."

Akakuna kidevu. "Hizi zimetoka kwa gari la juzi. Kwa Datsun ya kitambo siwezi kuapa. Afadhali ungekuja na gurudumu lenyewe."

"Ningekuwa na gurudumu lenyewe ningekuja kwako kufanya nini?"

Akacheka, akasema sawa, lakini kitu kikishatoka hapa hakirudi. Nikamwambia nguo niliyoikata kwa karatasi yangu haijawahi kurudishwa. Wakanipakilia kwenye pikapu mpaka Kaloleni, nami nimekaa mbele na dereva kama mke wa diwani.

Jumamosi jioni Kweyu akaja. Nilimsikia akipiga hodi kwa mbali nikaingia jikoni, kama inavyotakiwa, nikaacha dirisha wazi, kama isivyotakiwa. Patrobas aliketi kwenye kigoda kati ya gari na dirisha. Hivyo ndivyo tulivyoongea siku zote: Kweyu anamwambia Patrobas, Patrobas ananiambia mimi, na sote watatu tunasikia kila kitu mara mbili.

Kweyu akapiga jeki mbele, akavalisha gurudumu la kwanza. Likaingia kwenye bolti bila kubishana. Nikafurahi. Akafunga nati alizokuja nazo, akalizungusha kwa mkono. Likatoa sauti kama sufuria inayosuguliwa na mchanga, likakwama.

Akalivua. Akaingiza mkono ndani, akachungulia na tochi. Akaenda upande wa pili, ikawa vilevile. Akajaribu nyuma. Nyuma likazunguka vizuri, kimya, bila kugusa chochote. Akarudi mbele akachuchumaa.

"Baba," akasema, "mwambie mama karatasi yake ni safi kabisa. Mashimo yako sawa, sijawahi kuona kipimo kizuri hivyo. Ila rimu hizi zina tumbo. Zimeingia ndani kupita kiasi, kwa hiyo hapa mbele zinakwaruza shoki, huu mguu wa chuma unaobeba gari."

Patrobas akageuza kichwa kuelekea dirishani. "Anasema una tumbo."

"Nimesikia alivyosema."

"Mimi napitisha tu habari."

Nilicheka, kisha nikaacha. Nilielewa mara moja. Hakuna mshonaji anayemkatia mwanamke gauni kwa kumtazama kwa mbele tu. Unamzungusha, unamtazama kwa ubavu, unauliza mambo ambayo hataki kujibu. Mimi niliyewapima ubavu akina mama wote wa Kaloleni nilikuwa nimelipima gurudumu uso kwa uso, nikarudi nyumbani. Karatasi haina kina. Ilinionyesha mahali pa vifungo, haikunionyesha mwili.

Patrobas akasema, "Si uweke vyuma katikati, vilisukume nje kidogo?"

"Baba, bolti ni fupi. Nikiweka chuma, nati itashika nyuzi mbili tatu tu za mwisho. Hapa mtaani litaonekana limekaa. Tukifika Thika Road na mwendo, gurudumu litatupita, tuliangalie likienda." Akafuta mikono. "Siwezi kukupandisha kwenye gari la namna hiyo. Bora uniambie sijui kazi."

Nilimpenda kwa neno hilo, ingawa hapakuwa na njia ya heshima ya kumwambia. Nikatoa chai nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha, nikarudi ndani ndipo aichukue.

Akanywa. Halafu akasema, polepole, kama anaongea na kikombe, "Nyuma tuko sawa. Tunataka mbili tu za mbele, za Datsun ya zamani. Gereji hazina, nimeshauliza njiani nikija. Na kesho ni Jumapili, Grogan imefungwa. Baba, mwambie mama, rimu za Datsun za zamani siku hizi ziko chini ya mikokoteni. Zote zilikwenda huko."

Patrobas hakuwahi kupitisha habari hiyo. Nilikuwa nimeshasema, "Mama Johnson."

Mama Johnson aliuza kabeji kando ya Jogoo Road pale Makadara, karibu na mahakama, mahali ambapo alisema wateja hawaishi maana mtu akishinda kesi hula na akishindwa hula pia. Ni Mkikuyu wa Murang'a, mjane, ana mdomo kuliko mimi, na hapo ujue nimempa sifa. Mkokoteni wake ulikuwa na ekseli ya Datsun, ule mhimili wa magurudumu. Nilijua kwa sababu niliwahi kuuona unatengenezwa, na Patrobas akiwa bado anaona alitikisa kichwa akasema gari la mtu limegeuzwa punda.

Jumapili baada ya ibada nikaenda. Kweyu akanifuata na boksi lake la vyombo na zile rimu mbili zinazong'aa kwenye toroli, upande wa pili wa barabara, kama mpelelezi. Mama Johnson alikuwa amekaa kwenye gunia, na mkokoteni umejaa kabeji.

"Mama Triza," akasema, "umepita kanisani ukaniombea au umekuja kukopa?"

"Nimekuja kukuvua magurudumu."

"Haya, kaa. Mtu huvuliwa akiwa amekaa."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia mwisho, nikaingiza karatasi na tumbo na daktari mgeni. Nikamwambia pia lililokuwa linanitia hofu: kwamba alfajiri ya Jumatatu mkokoteni wake lazima uende soko la Marikiti kufuata kabeji, ndiyo maisha yake, na kama zile rimu zetu hazitaukubali mkokoteni nitakuwa nimempofua yeye ili mume wangu aone. Alikuwa ananitazama mdomoni. Nilipofika pale kwenye daktari kurudi mwaka ujao akasimama, akaanza kutoa kabeji kwenye mkokoteni na kuzipanga chini, akiwa na gauni lake la Jumapili.

"Sijamaliza," nikamwambia.

"Nimemaliza mimi. Kabeji hazina miadi na daktari. Shika kichwa hiki kikubwa."

"Na rimu zetu zisipotosha?"

"Zisipotosha nitabeba kwa mgongo, na wewe utabeba nusu. Unafikiri nitakuonea huruma?" Akatazama ng'ambo. "Na yule mtu aliyejificha nyuma ya mti na toroli ni nani, au nimwitie polisi?"

"Ni mkwe wangu. Hatukaribiani."

"Amekukosea nini?"

"Ameoa binti yangu."

Alicheka mpaka akakalia kabeji. "Kwetu mkwe tunamtuma maji. Hebu mwite. Au nimwite mimi, nyinyi wawili mtaniletea usiku."

Basi nikasogea nyuma ya lundo la kabeji nikageuka uso, na Mama Johnson akawa ndiye wa kupitisha habari. Alikuwa hodari kuliko Patrobas. Kila Kweyu aliposema neno moja, mimi nilipata matatu, mawili yakiwa ya matusi ya mapenzi.

Kweyu akaupandisha mkokoteni juu ya mawe, akavua magurudumu yake, akavalisha zile rimu zetu mpya. Nikapumua ndani nikasahau kutoa. Akazungusha. Likazunguka, likaendelea kuzunguka, likawa linang'aa kwenye jua.

"Anasema umekubali," Mama Johnson akasema. "Mkokoteni hauna shoki. Kwa ndani hakuna cha kukwaruza. Tumbo liingie mpaka wapi, hakuna wa kulilalamikia. Ni kama mimi baada ya kufiwa."

Kazi haikuishia hapo. Rimu za zamani zilikuwa na kutu na tairi zake zilikuwa zimelika mpaka zinaonyesha nyuzi. Kweyu akatoa tairi zetu nzuri kwenye rimu mpya kwa vyuma vyake vya kubandulia, akazivalisha rimu za zamani, maana kipimo cha tairi kilikuwa kimoja, na zile nyingine akaupa mkokoteni uliokuwa umezizoea. Alihema kama ng'ombe wa jembe. Kisha akaifunga kila rimu ya zamani kwenye ekseli ya mkokoteni kwa muda, akaweka msumari karibu na ukingo na kuizungusha, aone kama inayumba. Moja ilikuwa imepinda kidogo. Akaigonga kwa nyundo na kipande cha mbao, akazungusha, akagonga tena, akazungusha, mpaka msumari na ukingo vikawa jirani wasiogombana. Mama Johnson alichoka kupitisha habari akaniambia, "Huyu mtoto anapenda wazee wake. Hilo hajaniambia, nimeona."

Nikajifanya napanga kabeji.

Kabla jua halijazama Datsun ilikuwa imesimama kwa miguu yake pale Kaloleni, mbele rimu za mkokoteni, nyuma rimu za Japani. Kweyu alihakikisha za mbele ni pacha na za nyuma ni pacha, na kwamba kimo cha tairi ni kimoja kote ili gari lisivutwe upande. Alikata usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto. Kimya. Patrobas akaja akaligusa paa.

"Hapa ndipo linapokaa," akasema.

Ikabaki shida moja. Kweyu lazima aendeshe, maana alitaka kusimama njiani akaze nati tena zikishatulia. Mimi lazima niende, maana hospitali ilitaka mtu wa kumshika mgonjwa na kulala naye. Na gari ni moja.

"Mmoja wenu abaki," Patrobas akasema, "na asiwe mimi."

Nikawaza kidogo. Alfajiri, Kweyu akiwa amesimama mbali anatazama ukuta, nilifungua mlango wa nyuma wa stesheni wagon, nikatandika blanketi mahali pa mizigo, nikapanda. Nikaketi nimewapa mgongo, leso kichwani, uso kwenye kioo cha nyuma. Patrobas kwenye kiti chake cha mbao. Kweyu akaingia mwisho. Mimi, mwanamke wa kanisa, nikapita Jogoo Road kama mbuzi wa Krismasi. Watu wa magari ya nyuma walinitazama. Nikawapungia mkono. Wengine walinirudishia, na konda mmoja alivua kofia.

Karibu na Ruiru Kweyu alisimama, akakaza nati zote, akagusa kila rimu kwa kiganja aone kama imepata moto, akarudi. "Baba, mwambie mama ziko baridi." Tukaendelea. Nilikuwa nasali nikitazama barabara inavyokimbia kutoka kwetu, na kila mahali tulipokuwa tumepita palionekana pazuri.

Jina la Patrobas liliitwa saa sita mchana. Jicho la kulia. Akatolewa amefungwa bandeji, akashinda hivyo mpaka kesho yake akilalamika juu ya uji. Asubuhi wakafungua. Nesi akamvalisha miwani minene. Akapepesa, machozi yakamtoka, akanitazama muda mrefu.

"Asenath," akasema, "nani amekufanya hivi?"

Nesi alikasirika kwa niaba yangu. Mimi nilicheka mpaka nikamkumbatia mbele ya wagonjwa, kitu ambacho sikuwa nimekifanya hata siku ya harusi.

Kweyu alikuja kutuchukua alasiri. Nilikuwa nimeshapanda mahali pangu pa mizigo nikageuka. Nikasikia Patrobas anaongozwa mpaka mlango wa mbele, halafu nikasikia hatua zinasimama. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Triza aliolewa macho ya baba yake yakiwa yameshafungwa. Patrobas hakuwa amewahi kumwona mkwe wake. Nami, kwa ile heshima yetu, nilikuwa sijawahi kumtazama usoni. Binti yetu alikuwa amekwenda kwa mtu ambaye sote wawili tulimjua kwa sauti na mgongo.

Gari likaondoka. Patrobas aligeuka kitini kadiri nyonga ilivyomruhusu, akawa anamtazama dereva bila haya.

"Mama Triza," akaniita kwa sauti, "ana masikio makubwa."

"Baba," Kweyu akasema.

"Wewe angalia barabara. Mama Triza, paji la uso ni pana. Meno yamekaa vizuri, lakini moja limemtangulia mwenzake. Ana kovu kwenye nyusi."

"La nini?" nikauliza kioo.

"La nini?" Patrobas akamuuliza.

"Jeki iliteleza, Baba. Zamani."

"Anasema jeki. Macho ni mekundu, hajalala huyu mtu tangu Malaba." "Ni kijana mzuri, Asenath. Sura yake inafanana na kazi yake."

Nikajifuta na pembe ya leso. Nikamwambia Patrobas amwambie mkwe asante. Asante ya rimu, asante ya kukataa kuweka vile vyuma, asante ya kutuheshimu kiasi hiki.

"Mimi nimetoka kupasuliwa," Patrobas akasema. "Mwambie mwenyewe, ana masikio ya kutosha."

Basi nikasema kwa kioo cha nyuma, "Asante, mwanangu." Kisha nikasikia, chini kabisa, "Haya, mama," na gari likaongeza mwendo kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tulipofika Makadara Patrobas akataka kushuka. Alishuka peke yake, akakataa mkono wa mtu. Mama Johnson alikuwapo, na mkokoteni wake umeegeshwa mahali ambapo jua linaupiga, zile rimu za Japani zimesuguliwa kwa jivu mpaka zinaumiza macho. Alisema wateja wameongezeka, wanadhani ana mfadhili.

Patrobas akamshika mikono yote miwili. Alikuwa na hotuba, nilimsikia akiifanyia mazoezi tangu Ruiru. Ikamkwama. Akabaki anamtikisa mikono tu.

"Niache niuze, mzee," Mama Johnson akasema. "Kama umepona kweli, nichagulie kichwa cha kabeji wewe mwenyewe. Ninakupa."

Akainama juu ya lundo na miwani yake. Akachukua muda. Akageuza hiki, akaweka, akanusa kile. Watu wakaanza kutazama. Mwishowe akanyanyua kimoja akakishika kifuani kwa furaha, na kutoka pale nilipokaa nyuma ya gari niliona mashimo ya wadudu pembeni, makubwa ya kupitisha kidole. Mama Johnson akanitazama. Nikamtazama. Yeye akafunga mdomo, nami nikafunga wangu.

Nilikipika jioni hiyo na nyanya nyingi. Patrobas alikula huku akikitazama kila kijiko kabla hakijaingia mdomoni.